Jiwe la kijani la Katanga linajua dunia ilitoka wapi

Siku ya Mungu mwanafunzi anasikia kitabu cha Mwanzo ku kanisa. Siku ya kwanza mwalimu wa jeolojia anaandika miaka miliare ku ubao. Mangaribi anarudi nyumbani na ulizo moja: nani anasema kweli? Tumekamata malakiti, jiwe lenye kila mutu wa Likasi na Kolwezi anajua, na tumelifuata nyuma mpaka ku mwanzo wa vyote.

Vitu vine ndani ya jiwe moja

Hapa kwetu hakuna mutu mwenye hajaona malakiti. Njo lile jiwe la kijani lenye miduara ndani, sawa shina la muti lenye limekatwa. Watu wanachongaka mu lile jiwe tembo, shanga na visahani vya kuzimia sigara. Wazee wenye walikuwa wanaitwa walaji wa mukuba walikuwa wanalitafuta ku vilima vyenye miti haikubali kuota, wanalitia mu tanuru ya udongo pamoja na makala, na mukuba mwekundu unatoka. Walikuwa wanaumwanga mu umbo la musalaba, na kwa ile misalaba watu walilipa mahari na kufanya biashara mpaka mbali.

Sasa tumuulize mutu wa kimia: mu hili jiwe muko nini? Atajibu kwa maneno kidogo: mukuba, karboni, oksijeni na hidrojeni. Ni vitu vine, basi. Kama jiwe ni safi, hakuna cha tano.

Lakini kila kimoja kiko na siku yake ya kuzaliwa na fasi yake ya kuzaliwa. Hakuna hata kimoja chenye kilizaliwa mu Katanga. Hakuna hata kimoja chenye kilizaliwa mu dunia hii. Na namna vilikutana mpaka kuwa jiwe la kijani, ile kazi haingewezekana kama duniani hakungekuwa na vitu vyenye uzima. Mutu mwenye kushika malakiti mu mukono anashika habari mbili kwa mara moja: ya mwanzo wa ulimwengu na ya mwanzo wa uzima. Tuzifuate pole pole.

Hidrojeni, muzaliwa wa kwanza

Hidrojeni njo muzee wa wote. Hidrojeni yenye iko mu malakiti, mu maji ya Lualaba na mu damu yetu, viini vyake vilizaliwa mu dakika za kwanza za ulimwengu, imepita sasa miaka miliare 13,8.

Mutu mwenye alifungua njia ya kujua ile habari alikuwa padri. Anaitwa Georges Lemaître, Mubelgiji wa Charleroi, alizaliwa mwaka wa 1894. Alipigana mu vita ya 1914, kisha akaingia mu seminari, akapewa upadri mwaka wa 1923. Alienda kusoma ku Cambridge mu Uingereza na kisha ku Marekani, akarudia kwao kuwa mwalimu ku chuo kikubwa cha Louvain. Mwaka wa 1927 aliandika kwa Kifaransa, mu gazeti moja la siansi la Bruxelles lenye watu kidogo tu walikuwa wanasoma, kama ulimwengu haukae kimya fasi moja: unapanuka. Albert Einstein mwenyewe, mwenye alikutana naye Bruxelles ule mwaka, alimwambia hesabu ni nzuri, lakini wazo lenyewe hakulikubali hata kidogo.

Kisha miaka miwili, mu 1929, Edwin Hubble wa Marekani alitangaza vipimo vyake. Galaksi, ni kusema makundi makubwa ya nyota, zinaenda mbali na sisi, na ile yenye iko mbali zaidi inaenda mbio zaidi. Padri alikuwa amesema kweli. Mwaka wa 2018 muungano wa wanasiansi wa nyota wa dunia nzima ulishauri ile sheria iitwe kwa majina mawili, Hubble na Lemaître.

Namna gani kuelewa hili jambo? Fikiri mama mwenye anatengeneza mandazi. Ametia karanga ndani ya unga wenye amekanda na chachu. Unga unaanza kuvimba. Hakuna karanga yenye inatembea yenyewe, lakini kila moja, kama ingekuwa na macho, ingeona zingine zote zinaenda mbali. Karanga njo galaksi. Unga njo ile fasi yenye iko kati yao.

Kama vitu vinaachana leo, basi jana vilikuwa karibu, na juzi karibu zaidi. Mwaka wa 1931 Lemaître alifika ku mwisho wa ile hesabu. Aliandika mu gazeti Nature la Uingereza kama vyote vilitoka mu kitu kimoja kizito sana, sawa atomu moja ya ajabu, yenye ilijigawanya na kujigawanya tena sawa vile vitu vya radiumu vinavyojivunja. Na radiumu ya ule wakati, inafaa watu wa Katanga wakumbuke: sehemu kubwa yenye ilikuwa inauzwa mu dunia ilitoka mu mawe ya Shinkolobwe, yenye Union Minière ilikuwa inapeleka ku kiwanda cha Olen mu Ubelgiji. Mu nchi ile moja, mu miaka ile ile, mawe yetu yalikuwa yanavunjwa ku kiwanda, na padri alikuwa anahesabu mwanzo wa vyote.

Wengi hawakupenda lile wazo. Mumoja wao, Fred Hoyle wa Uingereza, mwaka wa 1949 alikuwa anaongea ku radio ya BBC, na njo pale aliliita Big Bang, mushindo mukubwa. Jina lilibakia mpaka leo, ijapokuwa linadanganya kidogo. Haikuwa bomu yenye ililipuka mu kona moja ya giza. Ni fasi yenyewe njo ilianza kupanuka, kila upande kwa mara moja.

Ushuhuda wenye ulinyamazisha wengi ulikuja mwaka wa 1965. Watu wawili wa Marekani, Arno Penzias na Robert Wilson, walikuwa na antena kubwa yenye ilikuwa inatoa kelele moja kila saa, usiku na muchana, kutoka kila upande wa mbingu. Walifikiri kelele inatoka ku mavi ya njiwa zenye zilijenga ndani ya antena. Walifukuza njiwa, wakasafisha. Kelele ikabakia. Kumbe ilikuwa mwanga wa zamani sana, wenye ulitoka wakati ulimwengu ulikuwa na miaka karibu elfu 380 tu, na wenye umepoa mpaka digri 270 chini ya zero. Lemaître alikuwa mugonjwa wakati rafiki yake alimupelekea ile habari. Alikufa mu Juni 1966, akijua.

Mu ule mwanzo wa moto mukali, mu dakika karibu tatu, kulipatikana hidrojeni karibu robo tatu ya uzito wote, heliumu karibu robo moja, na litiumu kidogo sana. Basi. Hakukuwa mukuba. Hakukuwa karboni. Hakukuwa hata chembe moja ya oksijeni ya kupumua.

Neno lenye padri alikataa

Mbele ya kuendelea, turudi ku ulizo la mwanafunzi, juu Lemaître njo aliishi lile ulizo kupita watu wote.

Tarehe 22 Novemba 1951, Papa Pio XII aliongea mbele ya Akademia ya Siansi ya Vatikani. Mu ile hotuba alionyesha kama siansi mupya ni sawa inashuhudia siku ya uumbaji. Wengi walifikiri padri Lemaître atapiga mikono, juu wazo lake sasa limepewa baraka na mukubwa wa Kanisa. Yeye hakufurahi. Alizungumza na washauri wa Papa kusudi neno la namna ile lisirudiliwe, na wakati Papa aliongea tena mbele ya wanasiansi wa nyota mu 1952, hakulirudilia.

Juu ya nini padri alikataa zawadi ya namna ile? Yeye mwenyewe alieleza mara mingi kama hesabu zake zinakaa inje ya mambo ya dini. Mutu mwenye haamini, zinamuachia uhuru wake. Mutu mwenye anaamini, hazimupe Mungu wa kushika na mikono. Fizika inauliza vitu vilipita wapi mpaka kufika hapa. Imani inauliza juu ya nini kuko kitu, na sisi tuko hapa kwa kazi gani. Ukitumia moja kujaza shimo la ingine, siku hesabu itabadilika, imani pia itaanguka nayo.

Tunasema hivi kwa wazazi na kwa wachungaji, juu hapa kwetu wanafunzi wengi wanasoma siansi na moyo nusu. Wanakariri kwa ajili ya mutihani, halafu wanaitupa, sababu wamesikia kama kuiamini ni zambi. Padri mwenye alivumbua wazo lenyewe alisema misa mpaka uzee wake. Hakuona kama inaomba kuchagua.

Karboni, oksijeni na mukuba: watoto wa nyota

Turudi ku jiwe letu. Hidrojeni tumeshaijua. Vile vingine vitatu vilitoka wapi?

Jibu, kwa sehemu kubwa, lilitoka kwa Fred Hoyle, ule ule mwenye alicheka Big Bang. Mwaka wa 1957 yeye pamoja na Margaret Burbidge, bwana yake Geoffrey Burbidge, na William Fowler walieleza kama nyota ni matanuru. Wale walaji wa mukuba wangeelewa vizuri: bila tanuru, hakuna kitu kipya.

Nyota inaanza na hidrojeni. Uzito wake unaifinya katikati mpaka joto linapanda digri mamilioni, na viini vya hidrojeni vinashikana kuwa heliumu. Ile kazi njo inatoa mwanga. Jua letu liko mu ile kazi leo, muchana huu. Hidrojeni ikipunguka katikati, heliumu inaanza kushikana, tatu tatu, na inazaa karboni. Karboni ikishika heliumu ingine, oksijeni inapatikana. Nyota kubwa sana zinaendelea mbele zaidi, mpaka kufika ku chuma. Pale tanuru inazimika, juu kushikanisha chuma hakutoe tena nguvu. Nyota inajiangukia ndani, kisha inapasuka na kutupa inje vyote vyenye ilikuwa inapika.

Mukuba njo ulitoka zaidi mu zile nyota kubwa. Ndani yao, chembe zenye zinaitwa neutroni zinaingia moja moja mu viini vya chuma, na kisha miaka mingi chuma kinapita hatua kwa hatua kufika ku mukuba. Na kobalti vilevile ilipikwa mu nyota zenye zilipasuka. Uraniumu inaomba nguvu kupita ile: neutroni mingi sana kwa sekonde moja. Tarehe 17 Agosti 2017, wanasiansi waliona kwa mara ya kwanza nyota mbili za neutroni zinagongana, na mu mwanga wa ule mugongano waliona alama za madini mazito. Fasi za namna ile njo wanafikiri zilizaa zahabu na uraniumu kwa wingi.

Kwa hiyo mu mukoba wa muchimbaji wa Kolwezi, jiwe lenye anauza kwa kilo limebeba majivu ya nyota zenye zilikufa mbele jua letu halijazaliwa. Haiko bongo, wala haiko mufano wa mashairi. Ni namna vitu vyenyewe vilipita.

Saa yenye inatembea ndani ya jiwe

Lakini nani alihesabu ile miaka? Ni ulizo la haki. Hakuna mutu mwenye alikuwa pale.

Jibu liko mu mawe ya namna ya Shinkolobwe. Uraniumu haikae vile iko. Inajivunja pole pole, na mwisho wake inageuka plombo, ile madini yenye watu wa pwani wanaita risasi. Mwendo wake unajulikana na haubadilike, hata ukitia jiwe mu moto ao mu barafu: ukianza na kilo moja ya uraniumu ya aina 238, kisha miaka miliare 4,5 nusu yake imegeuka. Ni sawa mushumaa wenye tunajua unakula sentimeta ngapi kwa saa. Ukiona ulipofika, unajua uliwashwa saa ngapi.

Kwa njia ile wanajeolojia walipima uraniumu ya Shinkolobwe, ile yenye ilivumbuliwa mwaka wa 1915 na yenye kisha ilitumiwa mu bomu ya Hiroshima. Waliona ilikaa mu mwamba wake miaka karibu milioni 650. Na mwaka wa 1956 Clair Patterson wa Marekani alipima plombo mu mawe yenye yalianguka kutoka mbinguni, akapata miaka ya dunia yetu: miliare 4,55. Mpaka leo ile hesabu haijasogea sana.

Tuseme hapa neno moja la faida. Ile nguvu yenye inafanya saa, njo yenyewe inaharibu mwili. Mawe ya uraniumu yenye rangi ya manjano ao ya machungwa hayafae kuwekwa mu nyumba kwa ajili ya uzuri wake, wala kupewa watoto kuchezea.

Hesabu za miliare zinapotea mu kichwa, kwa hiyo tuzitie mu barabara. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometa karibu 300. Tuseme mwanzo wa ulimwengu ni Lubumbashi, na leo ni kuingia Kolwezi. Kila kilometa inakuwa miaka milioni 46. Tunapita Likasi, na dunia haijazaliwa. Inazaliwa pale tunabakiza kilometa 99. Alama za kwanza za uzima zenye watu wengi wanakubali ziko ku kilometa 76 mbele ya kufika. Uraniumu ya Shinkolobwe inakaa mu mwamba wake pale kunabakia kilometa 14. Wale wanyama wakubwa, dinosori, wanaisha kilometa moja na nusu mbele ya muji. Watu sawa sisi wanatokea mita sita na nusu mbele ya mwisho. Na miaka 2 000 tangu Yesu? Sentimeta ine, upana wa vidole viwili.

Uzima ulianza namna gani?

Hapa njo fasi ngumu, na inafaa kusema kweli: watu wa siansi hawajakubaliana. Wako na vipande vingi vya njia, lakini njia nzima bado.

Kipande cha kwanza kilitoka Chicago mwaka wa 1953. Kijana mumoja, Stanley Miller, alitia mu chupa maji, metani, amoniaki na hidrojeni, akapitisha mu ile hewa cheche za umeme sawa radi. Kisha juma moja maji yaligeuka rangi, na ndani alikuta asidi amino, yale matofali yenye mwili unajengea protini. Hakuumba uzima. Alionyesha tu kama matofali yanajitengeneza, bila mutu kuyatengeneza. Wanajeolojia walisema kisha kama hewa ya dunia ya kwanza pengine haikuwa ile ya chupa yake. Lakini matofali yalionekana hata fasi zingine: mu jiwe lenye lilianguka mu Australia mwaka wa 1969, na mu muchanga wenye chombo cha Marekani kilileta kutoka ku jiwe la mbinguni Bennu mu 2023. Mu ule muchanga, walitangaza mu 2025, muko asidi amino 14 kati ya 20 zenye uzima unatumia, pamoja na herufi zote tano za ADN na ARN. Matofali hayakosekane. Yananyesha.

Lakini rundo la matofali haliko nyumba. Ulizo la pili ni la kuku na yai: ADN inabeba maandiko ya kutengeneza protini, na bila protini ADN haisomwe. Nani alitangulia? Mu miaka ya 1980 Thomas Cech na Sidney Altman walivumbua kama ARN inaweza kufanya kazi zote mbili, kubeba maandiko na kufanya kazi ya protini, na walipewa Nobel mwaka wa 1989. Tangu pale wengi wanafikiri ARN ilikuwa muzee wa nyumba.

Ulizo la tatu: ilifanyika fasi gani? Wamoja wanasema mu vidimbwi vya maji ya moto karibu na volkano, vyenye vinakauka na kujaa tena. Wengine wanasema chini ya bahari, ku vyemchem vyenye vilionekana mwaka wa 1977 karibu na visiwa vya Galápagos, mita 2 500 chini. Pale hakuna mwanga hata kidogo, lakini uzima umejaa, unakula nguvu ya kimia yenye inatoka mu mawe.

Hii ya kuishi bila jua hata Kongo tunaijua, hata kama hatuisemake. Chini ya Ziwa Kivu, kati ya Goma na Bukavu, kuko metani mingi sana yenye imefungwa mu maji mazito. Sehemu kubwa yake ilitengenezwa na viumbe vidogo vyenye macho hayaone, vyenye vinaishi bila oksijeni. Vinakamata hewa kaa yenye inatoka chini kwa volkano, vinaitia hidrojeni, vinatoa metani. Ile ufundi ni kati ya ya zamani kabisa mu dunia. Watu wa kwao wanaiwaza kama hatari ya gazi na kama moto wa umeme, ni kweli. Lakini ni vilevile dirisha lenye linaangalia ku mwanzo wa uzima.

Malakiti ni mutoto wa uzima

Tumebakiza jambo moja lenye tuliahidi: namna vile vitu vine vilikutana mu jiwe la kijani.

Dunia ya kwanza haikuwa na oksijeni mu hewa. Oksijeni ilikuwa mingi, lakini ilifungwa yote mu maji na mu mawe. Viumbe vidogo sana, sianobakteria, vilijifunza kuvunja maji kwa mwanga wa jua, kukamata hidrojeni na kutupa oksijeni inje sawa takataka. Imepita sasa miaka karibu miliare 2,4, ile takataka ilianza kujaa mu hewa. Bila ile, hakungekuwa pua yenye kupumua.

Kazi yao mu Katanga iko wazi. Wafanyakazi wa zamani wa Gécamines wanajua RSC, ule mwamba wenye matundu-matundu wenye unakaa kati ya tabaka mbili za mukuba ku Kamoto, ku Kambove na fasi zingine. Mu RSC muko stromatoliti: migongo ya mawe yenye ilijengwa na bakteria, tabaka juu ya tabaka, mu maji mafupi ya bahari yenye ilikuwa inafunika nchi yetu, imepita miaka milioni karibu 800. Ndiyo, Katanga ilikuwa chini ya bahari. Na kisha pale ilikuwa mu barafu: ule mwamba wenye wanajeolojia wanaita Grand Conglomérat, wenye umebeba mukuba wa Kamoa-Kakula, unatoka mu wakati wa baridi kali yenye ilifunika sehemu kubwa ya dunia.

Mu ile tope ya bahari, bakteria zingine zenye zinaishi bila oksijeni zilitoa sulfuri, na sulfuri ilishika mukuba na kobalti yenye ilikuwa inapita mu maji ya chumvi ndani ya mawe. Njo vile mukuba ulikaa. Kisha mamilioni ya miaka milima ilipanda, mvua ikaingia, oksijeni na hewa kaa zikashuka na maji mpaka ku sulfuri ya mukuba, zikaivunja, na mukuba ukashikana na karboni, oksijeni na hidrojeni. Malakiti ikazaliwa. Njo sababu muchimbaji anakuta kijani ku sehemu ya juu, na akishuka chini sana kijani kinaisha, sulfuri inaanza: oksijeni haikufika pale.

Mwaka wa 2008 Robert Hazen na wenzake wa Marekani waliandika kama karibu theluthi mbili za aina za madini zenye zinajulikana hazingekuwa kama uzima haungegeuza hewa ya dunia. Malakiti ni moja yao. Tulizoea kusema mawe yametangulia na uzima ukafuata. Hili jiwe linasema kingine: uzima ulitangulia, na jiwe likafuata.

Kuuza, lakini kusoma pia

Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na ni kati ya nchi za kwanza kwa mukuba. Kila siku makamyo yanapita Kasumbalesa yamejaa. Hatusemi yasipite, familia mingi zinakula juu ya ile kazi. Tunasema tu kama kuko mali mbili mu lile jiwe. Moja inapimwa ku mizani na inaenda. Ingine ni habari yenye imeandikwa ndani, na ile inabakia kwa mutu mwenye anajua kusoma.

Mpaka leo wenye walisoma zaidi mawe yetu walikuwa wengi watu wa inje, na makusanyo makubwa ya mawe ya Kongo yanakaa Tervuren, karibu na Bruxelles. Lakini kitabu chenyewe hakijahama. Kiko mu ukuta wa kila karyeri, mu Likasi, mu Fungurume, mu Kolwezi. Ku Chuo Kikubwa cha Lubumbashi kuko idara ya jeolojia na walimu wenye wanajua kuonyesha mwanafunzi mugongo wa stromatoliti na kidole. Masomo ya sekondari yenye yanakaa kilometa mbili ya karyeri haiombe laboratware ya pesa mingi. Inaomba mwalimu mumoja, ruhusa ya kuingia, kofia ya kazi kwa kila mutoto, na asubui moja.

Na mutoto akiuliza kama inafaa kuchagua kati ya Mungu na ile miaka miliare, mwalimu amuambie habari ya padri wa Charleroi. Kisha amupe malakiti mu mukono, amuulize: mu vitu hivi vine, kiko wapi chenye kilizaliwa cha kwanza?